Kuprinti kwa klaudi ofisini: Universal Print, PaperCut ama tubaki na seva yetu?

Karani_UpperHill:
Wakuu habari za jioni. Bosi anataka pendekezo kabla mwezi uishe, mawakili wetu waweze kuprinti wakiwa nyumbani ama Milimani kortini na karatasi itokee ofisini. Nimebaki na tatu: Universal Print ya Microsoft, PaperCut, ama ile seva yetu ya zamani tuiwekee VPN, ile njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali. Wasiwasi wangu ni usalama, kuna faili za wateja hapo zikitoka nje tumekwisha. Nyinyi mnatumia gani?

MzeeWaVLAN:
Printa ngapi? Modeli gani? Imeli zenu ziko Microsoft ama Google? Za kununua ama za kukodi? Mtu anaulizia dawa na hasemi anaumwa wapi.

TonaKavu:
Universal Print, mjadala ufungwe. Mtu anaingia na akaunti yake ya kazi pamoja na namba ya kuthibitisha kwa simu, hakuna seva ya kuprinti ya kuchunga. Sisi tuliopitia PrintNightmare Julai 2021, lile tundu la spooler, programu ya Windows ya kupanga kazi za kuprinti, hatutaki kusikia hilo jina tena, Microsoft walilazimika kutoa apdeti ya dharura hadi ya Windows 7 ambayo walikuwa wameshaizika. Halafu unaweza kuweka karatasi isitoke mpaka mwenyewe afike askani QR na simu, kwa hivyo hakuna hati ya kiapo ya mtu inalala kwa trei.

DadaWaNgara:
@TonaKavu mbona husemi kwamba printa ikiwa ya zamani lazima uweke konekta, programu ya kuiunganisha na klaudi, kwa kompyuta ya Windows na hiyo kompyuta isizimwe? Stima ikipotea, ama mtu wa usafi achomoe waya achemshe maji ya chai, ofisi nzima haiprinti. Na si kila leseni iko nayo, Business Premium iko nayo, Business Standard haina. Mimi niko PaperCut, naona nani ameprinti nini saa ngapi, na tona iliacha kuisha kimiujiza.

MzeeWaVLAN:
PaperCut ipi dada, Hive ya klaudi ama ile ya kuweka kwa seva yako? Maana hizo za seva, NG na MF, zilipatikana na tundu, nambari yake CVE-2023-27350, mtu anaingia bila paswadi na anaendesha chochote anataka kwa seva. Dawa ilitoka Machi 2023, kufika Aprili magenge ya kufunga faili na kudai pesa yalikuwa yanawatafuta wale hawajaapdeti.

DadaWaNgara:
Ya seva, na tuliapdeti. Kwani Windows haina matundu?

Fundi_Luthuli:
Mnabishana klaudi hii na ile, ngojeni niwaambie yenye niliona. Kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, ofisi iko Industrial Area, waliniita wakisema printa imeingiliwa na majini. Wakifungua asubuhi trei ni tupu, karatasi zimejaa sakafuni, na kila karatasi iko na mstari mmoja tu juu, GET / HTTP/1.1, zingine ni alama alama tu. Soja wa usiku alikuwa ashakataa kukaa hiyo sehemu kwa sababu mashine inaamka saa nane usiku inaanza kutema. Walishabadilisha tona, wakabadilisha waya, mwenye kampuni sasa anataka kununua ingine. Nikaingia kwa rauta, poti 9100, mlango wa printa kupokea kazi, na 80, ya ukurasa wa mipangilio, zote zimefunguliwa kwa dunia nzima, aliyewawekea intaneti alifanya hivyo ndio bosi aprinti akiwa Syokimau. Kila roboti inayozurura mtandaoni ikibisha kwa 9100, printa inadhani imetumiwa kazi. Hiyo ya karatasi ndiyo ya kuchekesha, ya kulia ni hii. Ukurasa wa mipangilio haukuwa na paswadi, na ndani kumewekwa imeli ya mhasibu na paswadi yake ndio skani ziende. Kuna mtu aliingia akabadilisha seva ya imeli akaweka yake, akabonyeza kitufe cha kujaribu, printa yenyewe ikampelekea paswadi. Wateja wakaanza kupata barua kutoka kwa imeli halali ya mhasibu, "tumebadilisha akaunti ya benki". Mmoja wa Mombasa alilipa. Hapo hakuna klaudi popote.

Kasarani_Mtulivu:
Poti 9100 ni ile ile ya 2018, jamaa aliprinti matangazo ya PewDiePie, yule wa YouTube, kwa printa za watu, alisema zilifika printa 50,000. Na mpaka leo watu wanaifungua tu.

Karani_UpperHill:
Pole nilikuwa kazini. Printa ni nne, mbili Kyocera za kukodi, HP moja, na Brother ya mapokezi. Imeli ni Google Workspace.

TonaKavu:
Google!! Si ungesema mapema mkuu. Google Cloud Print ilifungwa 31 Desemba 2020. Universal Print inataka akaunti za Entra, zile za kazi za Microsoft, mtalipia leseni pembeni.

DadaWaNgara:
Mjadala ulikuwa umefungwa ama? 😂

MzeeWaVLAN:
Hiyo Brother ibadilishwe paswadi leo. Mwaka 2025 ilijulikana modeli 689 za Brother, paswadi ya kiwandani inatengenezwa kutoka kwa serial namba ya mashine, na apdeti ya famwea, programu ya ndani ya mashine, haiwezi kurekebisha zilizoshatoka. Halafu Kyocera za kukodi, mkataba ukiisha diski ya ndani inaenda na nani? Kama data yake haijafungwa kwa msimbo, kopi za faili zenu zinaweza kuwa bado ziko humo.

Kasarani_Mtulivu:
Hayo yote na bado mawakili wanatuma hati kwa WhatsApp ya saiba karibu na korti 😂

Fundi_Luthuli:
Saiba tunafuta bwana.

Kasarani_Mtulivu:
Mnafuta lini? Folda ya Downloads ya saiba unapata vitambulisho vya kata nzima. Na sheria ya data ya 2019 inakupa saa 72 kumwambia Kamishna data ikivuja, nani wa saiba anajua hiyo?

Karani_UpperHill:
Nimesoma mkataba, unasema mashine ikirudi irudi "na sehemu zake zote". Hiyo ni pamoja na diski?

MzeeWaVLAN:
Ndiyo. Waulize kama ziliwekwa Data Security Kit, hiyo inafunga data kwa msimbo na kufuta ya zamani kwa kuandika juu yake. Jibu walete kwa maandishi, si kwa simu.

TonaKavu:
Basi VPN kwa sasa, na printa zitengwe kwa mtandao wake.

DadaWaNgara:
Hive. Inaingia na akaunti za Google.

TonaKavu:
Na nani atalipa kila mwezi, wewe?