Kufokewa kwenye raundi ya wodini mbele ya mgonjwa: kunamkomaza daktari au kunamvunja?

Wakuu, mwanafunzi wa udaktari akilalamika msongo wa mawazo, anajibiwa haraka: masomo magumu, ulijua unakokwenda. Mimi nimemaliza MD (shahada ya udaktari), miaka 5, na interni (mafunzo ya kazi hospitalini) mwaka 1. Msuli wa kusoma haukunitisha. Mwaka wa kwanza anatomia, fiziolojia na baiokemia zinakuja pamoja, unakesha na madesa (notsi), asubuhi uko kwenye maiti, unapasua na kujifunza. Unazoea. Hata harufu ya formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, unaizoea, wanaokaa nawe chumbani ndio hawaizoei.

Kilichonimaliza nilikikuta wodini, mwaka wa tatu. Raundi ya asubuhi, tunapita kitanda kwa kitanda, daktari bingwa ananiuliza sababu za ini kuvimba. Nikataja tatu, ya nne ikagoma. Akamgeukia mgonjwa: "Mama, huyu ndiye atakayekuua." Wodi nzima kicheko. Yule mama nilikuwa nimemhudumia siku nne. Tangu hapo hakutaka nimtoe damu. Nilichojifunza siku ile ni kusimama nyuma ya wenzangu warefu, na kutouliza nisichokijua.

Najua kuna disko (kufukuzwa chuo kwa kufeli), sapu (kurudia mtihani), na bumu (pesa ya mkopo wa kujikimu) likichelewa unaingia raundi na chai kavu. Hayo tunayapigia kelele kila mwaka. Hili la kufokewa tunaliita malezi. Nasema likome: kama nimekosea, nisahihishe tukishatoka kitandani kwa mgonjwa. Mnaonaje?

Dokta Mkongwe: Mwanangu, sisi tulifokewa zaidi ya hapo na tupo. Mama akivuja damu baada ya kujifungua, usiku, una dakika chache na hakuna wa kukubembeleza. Ukitetemeshwa na swali, damu utaiweza?

Mleta mada: Shikamoo Dokta. Maswali sikatai, niulize hata ishirini. Ila huyo mama anayevuja damu ndiye hoja yangu. Interni anayejua akikupigia simu saa nane usiku atatukanwa, atajaribu kwanza peke yake. Dakika chache hizo zinaishia hapo.

Dokta Mkongwe: Marahaba. Hapo kwenye simu umenigusa. Lakini kucheka kidogo raundi, jamani!

Muuguzi wa Zamu: Mnacheka nyie, mgonjwa hacheki, anaanza kuuliza daktari wa kweli atakuja lini. Na hao mnaowafokea huja kwangu pembeni kuuliza dozi kwa kunong'ona. Nawajibu. Mabingwa wa leo nao walininong'oneza hivyohivyo enzi zao, Dokta, majina ninayo.