Konekta ya pini 40: nichore boksi moja au nigawe vipande?

Nuru_Moro
Habari zenu wakuu. Natengeneza bodi ya mashine ya kutotolesha vifaranga, inaungwa na Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) kwa waya wa utepe wenye nyuzi 40. Nachorea KiCad, programu ya kuchora saketi. Vifaa si vingi: kihisi joto DS18B20 pini 7, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya hita pini 11, rilei ya feni pini 13, skrini ya I2C (mawasiliano ya nyaya mbili, SDA na SCL) pini 3 na 5.

Konekta nimeichora boksi moja katikati ya ukurasa, nyaya zikatoka pande zote na kupishana mpaka ukurasa ukawa kama chandarua. Bodi zilipofika, hita haikuwaka. Nilipima siku mbili ndipo nikaona waya wa rilei umeishia pini 12. Kwenye mchoro 11 na 12 zinatazamana, sikuliona kosa. Bodi zote tano nimekata njia kwa kisu na kuunga waya juu kwa juu. Inaniuma.

Kuna aliyenishauri nigawe konekta vipande: umeme kipande chake, I2C chake, rilei chake. Ninyi mnafanyaje?

saketi255
Gawa tu mkuu. Konekta ikiitwa J1, vipande viwe J1A, J1B, J1C, kila kipande kando ya kifaa chake. Nyaya hazipishani tena.

FundiMita
Dada Nuru, pole. Mimi sitagawa, na nitakwambia kwa nini.

Kazi yangu ni kutengeneza bodi za mashine za viwandani. Mchoro nausoma nimeinama, ncha za mita mkononi. Aliyesanifu anauliza "hita inawashwa na nini?" Mimi nauliza "pini 11 ina nini, na jirani zake wana nini?" Konekta ikikatwa vipande vinane kwenye kurasa sita, swali langu halijibiki bila kufunua kurasa zote. Na jirani ndiye mwenye hatari: tone la risasi likiunganisha pini 2 na pini 1, volti 5 zimeingia kwenye 3.3.

Kwa hiyo konekta ipe ukurasa wake. Ichore nzima, kwa mpangilio ule ule ilivyo mezani: namba witiri safu moja, shufwa safu ya pili. Kwenye maktaba ya KiCad chukua Conn_02x20_Odd_Even. Ile ya Counter_Clockwise inazungusha namba kama za IC (chipu), itakupoteza. Usivute waya hata mmoja mrefu. Kila pini itoe kijiti kifupi chenye lebo: HITA, FENI, JOTO, SDA, SCL. Kurasa nyingine zitumie lebo hizo hizo, na kando yake uandike "J1-11". Graundi zote nane zionyeshe: 6, 9, 14, 20, 25, 30, 34, 39. Ukizificha, mtu ataunga moja na kusahau saba.

Halafu andika umeitazama konekta kutoka upande gani. Hili nimelilipia. Soketi ya pini 40 iliungwa kwa risasi upande wa chini wa bodi, mchoro haukusema kitu, safu mbili zikabadilishana nafasi. Volti 5 za pini 2 na 4 zikaingia pini 1 na 3. Pi ya mteja ilikufa nikiitazama. Sasa naandika kwa herufi kubwa: INATAZAMWA KUTOKA JUU, PINI 1 PENYE MSTARI MWEKUNDU WA UTEPE.

saketi255
Kwa pini 40 nakubali. Ila konekta ya pini mia mbili haienei ukurasa mmoja ikasomeka, hapo lazima ugawe.

FundiMita
Kweli, hiyo gawa. Lakini kata kwa safu au kwa benki (kundi la pini), namba zifuatane, usikate kwa kazi. Na mle kwenye sifa za alama ya konekta katika KiCad, hakikisha vipande havibadilishani, maana pini zake si sawa.

Nuru_Moro
Asanteni sana. Nimechora upya jana usiku. Ukaguzi wa KiCad ukanionyesha lebo isiyo na mwenzake: ukurasa mmoja niliandika HITA, mwingine HEATER. Nimerekebisha. Pini 23 nisizotumia nimezipiga alama ya X, zikiwemo 27 na 28 za EEPROM (chipu ya kumbukumbu) ya utambulisho. Swali moja: hiyo "J1-11" kando ya lebo naiandika kwa mkono. Nikihamisha rilei kwenda pini nyingine si itabaki inadanganya?

FundiMita
Itadanganya, ndiyo. Ukihamisha pini, anza na ukurasa wa konekta, kisha tafuta "J1-" kwenye mchoro mzima, pitia moja moja. Zako ni tano tu. Fanya kabla hujatuma bodi kiwandani.