Mdogo wangu yuko National Guard ya Texas: huyu mwanasheria aliyempigia ni wa nani?

DadaMkubwa
Habari za jioni ndugu zangu. Naomba msaada, hasa kwa mliopita jeshini huku Marekani. Mdogo wangu yuko National Guard ya Texas, yaani askari wa akiba wa jimbo, yuko mpakani kwa amri ya gavana. Mkewe alipojifungua akapewa ruhusa ya siku chache kuja Dallas. Mtoto akapata umanjano, wakarudishwa hospitali, naye akachelewa kuripoti. Alimtumia sajini wake meseji, lakini anaambiwa meseji si ruhusa. Sasa kaletewa karatasi atie sahihi. Jana mwanasheria wa jeshi, kapteni, kampigia, mpole kabisa: “Niandikie tu ilivyokuwa.” Mdogo wangu kafurahi, anasema kapata wakili wa bure. Mimi roho haijatulia. Aandike?

Mstaafu_Killeen
Dada, asiandike hata mstari. Wanasheria wa jeshi huitwa wote JAG na sare ni moja, ndipo vijana wanapochanganyikiwa. Yupo anayemshauri kamanda na makao makuu, yupo anayeendesha mashtaka, yupo wa kuandika wosia na mambo ya kodi ya nyumba, na yupo wa utetezi. Huyo wa mwisho tu ndiye anayesimama upande wa mshtakiwa. Ninavyosikia, huyo kapteni ni wa kamanda. Upole wake unaweza kuwa wa kweli kabisa, ila atakachoambiwa kitaingia kwenye faili.

Jambo la pili, aangalie oda zake. Akiitwa na Rais, sheria ni ile ya kijeshi ya serikali kuu, UCMJ. Akiwa kwa oda za gavana, UCMJ haimhusu. Hapo ni sheria ya kijeshi ya Texas yenyewe, sura ya 432 ya Government Code. Kwa hiyo asisome ushauri wa mtandaoni wa askari wa Fort Hood, kambi ya jeshi la serikali kuu, akadhani ndiyo kesi yake.

Kibarua_Houston
Mnamtisha dada wa watu bure. Aende kwa kamanda, aombe msamaha, yaishe. Kamanda naye ana watoto.

Mstaafu_Killeen
@Kibarua_Houston msamaha hauna ubaya. Lakini msamaha wa maandishi ni kukiri kosa, na kukiri hakufutiki. Amwone wakili wake kwanza.

BintiVoi
Samahani kuingilia. Uraia aliupata kupitia jeshi? Maana uraia wa njia hiyo unaweza kufutwa ukiachishwa kwa sifa mbaya kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi wa heshima. Kuchelewa peke yake hakumfikishi huko, ila makaratasi yakirundikana anaweza kuachishwa bila hata kufika mahakamani. Amwambie wakili hilo mapema. Wa jeshi wengi hawashughuliki na uhamiaji, nao hawatauliza.

DadaMkubwa
Mungu wangu. Ndiyo, kupitia jeshi, na hana hata miaka mitatu. Na hiyo karatasi je? Imeandikwa 4856 pale chini.

Mstaafu_Killeen
Hiyo ni ya kuonywa, bado si hukumu. Sahihi inaonyesha kwamba kaongeleshwa, haimaanishi kwamba kakubali. Kuna kisanduku cha kukubali na cha kutokubali, aweke alama kwenye kutokubali. Nafasi ya maelezo aiache wazi mpaka aongee na mtetezi. Amwambie sajini kwa adabu, “Nataka kuongea na Trial Defense Service kabla ya kusema lolote,” kisha anyamaze. Hiyo ndiyo ofisi ya wale wanasheria wa utetezi. Ni bure, na anayoyasema huko ni siri yao wawili. Ile meseji aihifadhi, pamoja na karatasi za hospitali zenye tarehe. Asibadilishe simu sasa hivi!

Kibarua_Houston
Haya, hapo kwenye uraia nimenyoosha mikono.

DadaMkubwa
Nimeongea naye. Kampigia yule kapteni akamuuliza waziwazi, “Afande, wewe ni wakili wangu?” Kajibu hapana, yeye anamshauri kamanda, na kampa namba ya utetezi yeye mwenyewe. Asubuhi anawapigia.