Dawa za figo na vituko vya tumbo: watu wa Kigoma tupeane uzoefu

MamaGungu: Jirani yangu leo karudisha vidonge vya kuongeza damu dukani, eti vimemfunga choo. Nikakumbuka yangu! Mie mwenye figo napewa hivyo na kalsiamu juu yake. Choo kigumu kama kokwa za mchikichi, halafu cheusi tii.

Mwanga_Juu: Yaani umenisema mimi.

NesiKasulu: Weusi huo ni madini ya chuma, mama. Ila kikiwa laini, kinanata na kinanuka vibaya mno, hiyo yaweza kuwa damu, wahi hospitali. Na usivimeze pamoja: kalsiamu meza wakati wa kula, chuma kipe saa zake.

MzeeWaBoti: Nyie mnafungwa, mie nilifunguliwa. Sukari ndiyo iliyonila figo, nikawa natumia metfomini, dawa ya kushusha sukari. Siku hiyo nikameza bila kula, nikapanda boti Kibirizi kwenda Kalya. Tumepita Sigunga, tumbo likaanza kukoroga. Magunia, watoto, kuku, choo hakuna. Namwomba nahodha asogee ufukweni, ananijibu, "Mzee, kwa mawimbi haya tutapigwa kwenye mawe, jikaze." Nikajikaza hadi jasho likatiririka shingoni. Mama mmoja akamwaga dagaa kwenye turubai, akanipa ndoo, akanizungushia kitenge. Abiria wote wakageukia Kongo, ng'ambo ya ziwa. Baadaye nikapimwa damu, daktari akaisimamisha metfomini, figo zimeshashuka mno, dawa ile hazifai tena.

Mwanga_Juu: WAKAGEUKIA KONGO 😂😂

Katubuka_Boy: Shikamoo mzee. Huyo mama apewe ubunge.

Mnyamwezi_TBR: Mama Gungu, kunywa maji mengi, papai asubuhi, choo kitafunguka.

DadaUjiji: Maji mengi kwa nani? Mie nasafishwa damu, maji napimiwa kwa kikombe. Na matunda tunachunga, kwa ajili ya madini ya potasiamu.

Mnyamwezi_TBR: Basi ile dawa nyeupe ya magnesia.

NesiKasulu: Hapana! Figo mbovu haitoi magnesiamu, inajazana mwilini. Muulize daktari wako, kuna ya maji inaitwa laktulozi.

Mnyamwezi_TBR: Kila kitu hapana. Mie bibi yangu aliacha vidonge vyote akatumia mlonge.

DadaUjiji: Na yuko wapi sasa?

Mnyamwezi_TBR: Hayo mengine.

Katubuka_Boy: Mzee, dagaa wale waliuzwa?

MzeeWaBoti: Waliuzwa Kalya. Ndoo nilimlipa.

Mwandiga1: Turudi kwenye mada jamani. Soda baikaboneti, ile tunayopewa kupunguza asidi mwilini, inanijaza gesi, nani mwingine?

MamaGungu: Mie. Nabeua hadi kwenye swala.