Kwa nini magari ya kasi ya zamani bado yanapendwa, ilhali mapya yanayashinda mbio?

Msomaji_Arusha ameuliza:

Ndugu zangu, nina swali ambalo limenisumbua kwa muda mrefu, na ningefurahi kupata majibu ya watu waliolitafakari kwa makini. Ferrari F40, iliyozinduliwa mwaka 1987 kuadhimisha miaka 40 ya kampuni hiyo, ina injini ya silinda 8 yenye turbo mbili (vifaa vinavyosukuma hewa ndani ya injini ili kuongeza nguvu) na nguvu za farasi 478, na kasi yake ya juu ilitajwa kuwa kilomita 324 kwa saa. Kwa wakati wake hayo yalikuwa maajabu. Leo Rimac Nevera, gari la umeme linalotengenezwa Kroatia, lina nguvu za farasi 1,914, yaani mara nne ya F40, na hufikia kilomita 100 kwa saa kabla sekunde 2 hazijatimia. Hata hivyo, kila ninapozungumza na wapenzi wa magari, wanaitaja Nevera kwa heshima lakini wanaitamani F40. Kama wanachokipenda ni kasi, mbona mapenzi yao hayajahama? Je, ni kumbukumbu za utotoni tu, au magari yale yana kitu ambacho haya mapya hayana?

Fundi_Bandarini amejibu:

Ndugu Msomaji, mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na kwa miaka kadhaa sasa nafanya kazi katika gereji moja ya Dubai inayohudumia magari ya zamani, kwa hiyo nitajibu kwa yale ambayo mikono yangu imeyagusa. F40 haimsaidii dereva kwa lolote. Usukani wake ni mzito kwa sababu hausukumwi na pampu, breki hazina ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukifunga breki kwa nguvu, wala hakuna kompyuta inayozuia tairi za nyuma zisiteleze. Ndani hamna redio wala zulia, mlango unafunguliwa kwa kuvuta kamba, na bodi ilipakwa rangi nyembamba kiasi kwamba ukisogea karibu unaona msuko wa nyuzi za kaboni chini yake, kwani hata uzito wa rangi ulihesabiwa.

Jambo ambalo namba ulizozitaja haziwezi kulionyesha ni tabia ya zile turbo. Injini ikizunguka taratibu, gari huwa kama limelala, na mgeni anaweza kudhani lina hitilafu. Mizunguko ikipanda, turbo hujaa pumzi, na nguvu yote humjia dereva kwa mkupuo mmoja. Hana budi kujua mapema itafika lini, kisha achague gia kwa mkono wake ili nguvu hiyo imkute amekwisha kuinyoosha gari, maana ikimkuta bado yumo kwenye kona, mkia wa gari utamtangulia. Gari la umeme hutoa nguvu papo hapo, na kompyuta yake huigawa kwa kila tairi kwa ustadi ambao hakuna binadamu anayeufikia. Huo ni uhandisi mkubwa nami nauheshimu, ila kazi iliyofanywa na kompyuta ndiyo ile ile ambayo mwenye F40 aliinunua ili aifanye mwenyewe. Nimewaona wateja wakishuka mashati yamelowa jasho, wakiuliza kama wanaweza kulitoa tena kabla injini haijapoa.

Mpenzi_wa_Miura amejibu:

Nakubaliana na Fundi kwa sehemu kubwa, ila ameliacha umbo, na kwangu mimi umbo ndilo lililotangulia. Lamborghini Miura ya mwaka 1966 na Countach, ambayo mfano wake ulionyeshwa katika maonyesho ya magari ya Geneva mwaka 1971, zote zilichorwa na Marcello Gandini akiwa katika kampuni ya usanifu ya Bertone. Ni vigumu leo kuchora gari jembamba na la chini namna hiyo, kwa sababu sheria za usalama wa abiria na wa waenda kwa miguu zina neno katika kila mkunjo wa bodi. Countach ilidai gharama ya umbo lake: dereva hakuona nyuma, na waliotaka kurudi kinyumenyume walikuwa wakifungua mlango, wanakaa ukingoni na kugeuza shingo nje. Sisemi kwamba hilo ni jema. Nasema lilikuwa gari la mtu mmoja aliyeruhusiwa kufuata wazo lake hadi mwisho.

Kuhusu kumbukumbu za utotoni, mimi nilizaliwa Miura ilipokuwa imekwisha kuacha kutengenezwa, nami naipenda kuliko gari lolote la enzi yangu. Wala fedha si jibu. McLaren F1, gari la kasi la Uingereza la miaka ya 1990, iliuzwa kwa shida ilipokuwa mpya. Magari 106 tu yalitengenezwa, na ya barabarani kati ya hayo ni 64. Mwaka 2021 moja lilinunuliwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola milioni 20. Wapenzi walikuwepo muda mrefu kabla ya bei hiyo, na kwa kweli bei imewaumiza, kwa sababu magari mengi sasa yamefungiwa ghalani na hayasikiki tena barabarani.

Msomaji_Arusha ameandika:

Nawashukuru nyote wawili. Niruhusuni niongeze jambo moja: je, haya ya leo nayo yatapendwa hivyo baada ya miaka 30?

Fundi_Bandarini amejibu:

Wasiwasi wangu ni kama yatakuwa yanawaka. Matangi ya mafuta ya F40 ni mifuko ya mpira ambayo huzeeka na lazima ibadilishwe, na mikanda ya injini vilevile, lakini fundi mwenye subira anaweza kuyafanya yote hayo kwa spana na macho. McLaren F1 ilizinduliwa mwaka 1992, na tayari ilikuwa imeanza kutegemea kompyuta: zaidi ya miaka 20 baadaye, mafundi wa kiwanda walikuwa bado wanazitunza kompyuta za mkononi za Compaq za miaka ya 1990, kwani ndizo zilizoweza kuzungumza na gari hilo. Sasa fikiria gari ambalo kila kiungo chake kina programu, na betri yake nzima haina mbadala sokoni.

Hata hivyo, liangalie gari jipya la T.50 la Gordon Murray, yule yule aliyeibuni McLaren F1. Alipopata nafasi ya kuanza upya, aliweka tena kiti cha dereva katikati, injini ya silinda 12 isiyo na turbo, gia 6 za kubadilisha kwa mkono, na uzito usiofika tani moja. Yalipangwa magari 100 tu, na yote yalipata wenyewe.