Bia ya pasheni na embe yenye uchachu na chumvi: imeharibika, au ndivyo ilivyokusudiwa?

Mwonja Pole:
Habari zenu wanajukwaa. Jana nilifungua kopo la bia ya kiwanda kidogo ambayo lebo yake inataja pasheni na embe. Nilipoinusa, harufu ya pasheni ilikuwa kali kana kwamba nimelikata tunda lenyewe, lakini funda la kwanza lilinikunja uso: uchachu mtupu, hakuna hata chembe ya sukari, na mwishoni chumvi kidogo ikabaki ulimini. Embe sikulisikia kabisa. Bia yenyewe ilikuwa na ukungu na mashapo kidogo. Je, nimeuziwa bia iliyoharibika? Ninalo kopo la pili na ninasita kulifungua.

Hamira Kavu:
Mleta mada, kwa maelezo yako sioni dalili ya kuharibika. Sukari ya matunda ni sahili, na hamira huimaliza upesi kuliko hata ile ya kimea. Kwa hiyo tunda likitiwa kabla uchachukaji haujakwisha, utamu huondoka wote na kinachosalia ni asidi na harufu. Pasheni ina asidi nyingi, ndiyo maana imesimama imara, ilhali embe tunalitambua zaidi kwa utamu wake, nao ukishaliwa na hamira, tunda hilo hubaki halina pa kushikia. Watengenezaji wanaotaka utamu ubaki huongeza laktosi, yaani sukari ya maziwa, ambayo hamira ya bia haiwezi kuila. Ukungu unaweza kuletwa na pektini ya matunda, yaani kile kinachoigandisha jamu, au na ngano.

Kuhusu chumvi, nadhani umekunywa bia ya mtindo wa gose, uliotokana na mji wa Goslar nchini Ujerumani na kushamiri baadaye Leipzig. Bia hiyo hutengenezwa kwa ngano na shayiri, ikatiwa chumvi na mbegu za giligilani, na uchachu wake hutoka kwa bakteria walewale wa jamii ya wanaogandisha maziwa ya mtindi. Isome lebo upya.

Pipa la Mwaloni:
Ninakubaliana na mchangiaji aliyetangulia, ila niongeze namna ya kupambanua. Uchachu safi kama wa limau au mtindi ni wa makusudi. Ukali wa siki unaochoma koo, au harufu ya karatasi iliyolowa, ndio unaotia shaka. Kopo lililovimba usilifungue, kwa sababu huenda sukari ya tunda iliyobaki imeendelea kuchachuka ndani yake na kuongeza shinikizo la gesi.

Wala uchachu wa matunda katika bia si mzaha wa vijana wa siku hizi. Huko Ubelgiji, bia ya lambic huachiwa hamira na bakteria wa hewani, hukaa katika mapipa ya mwaloni, kisha hutiwa cheri chachu na kuitwa kriek. Anayeionja kwa mara ya kwanza huwa na malalamiko kama yako. Wakati mwingine kokwa za cheri hizo huiachia ladha ya lozi, jambo ambalo halijaandikwa kwenye lebo yoyote niliyowahi kuisoma.

Mkia wa Povu:
Naomba kutofautiana kidogo kuhusu embe. Si kila embe la kwenye lebo limepita kisuni. Kuna hopsi, yaani maua yanayotiwa kwenye bia kuipa uchungu na harufu, kwa mfano aina ya Citra, zinazotoa harufu ya embe na matunda ya kitropiki bila tunda lolote kuongezwa, kama vile hamira ya bia za ngano za Bavaria inavyotoa harufu ya ndizi. Kwa hiyo angalia orodha ya viambato, si picha iliyochorwa mbele. Halafu, mleta mada, hukutueleza kama ulikunywa moja kwa moja kutoka kwenye kopo, tena ikiwa baridi sana. Baridi kali huificha harufu.

Mwonja Pole:
Nawashukuru nyote. Nimesoma lebo: chumvi na giligilani zimeandikwa kwa herufi ndogo mno, na embe limo kweli, tena kama rojo. Kopo la pili nimelimimina kwenye glasi na kuliacha robo saa. Sasa embe nimelisikia, kwa mbali, baada ya kumeza. Uchachu bado unanikunja uso, lakini glasi nimeimaliza.