Paka wangu mzee analia mbele ya ukuta usiku, nishaurini

BintiMkunazini: Assalaam aleykum. Paka wetu Kibatari, wiki tatu sasa, usiku wa manane anautazama ukuta akilia kama kapotelewa na mtoto. Jana kakaa mlangoni upande wa bawaba, anangoja afunguliwe. Choo kafanya kwenye mkeka. Silali, nifanyeje?

Ami_Darajani: Msomee Ayatul Kursiy. Kwa bibi yangu Makunduchi alikuwepo wa hivyo, alilia siku saba, ya nane mjomba akatokea kutoka Muscat.

Ngalawa77: Anakula? Umri gani?

BintiMkunazini: Anakula kuliko zamani, ila anakonda. Umri mkubwa.

Ngalawa77: Mkubwa ndio mingapi? Usijibu nusu nusu, dada.

BintiMkunazini: 15 na ushei. Mwezi uliopita tumehamia Fuoni. Na Ijumaa kijana wa bodaboda anampeleka Malindi ya hapa Unguja, soko la samaki. Msinihukumu. Pale vichwa vya samaki havikosekani, na mama anaswalia mkeka ule.

BiWete: Asiyeujua mlango wa kwao atawaweza mashume wa Malindi? Muogope Mungu, shoga. Kuna mwanamke kaingia motoni kwa paka aliyemfungia bila chakula.

Mpemba_Asilia: Hii chai. Paka wa Unguja afike miaka 15?

BintiMkunazini: Kazaliwa umeme ulipokatika miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Nilimuona nyuma ya dumu la maji kwa mwanga wa kibatari, ndio jina lake. Wallahi situngi.

Mpemba_Asilia: Nisamehe. Miezi ile nilikuwa Unguja, friji zima la nguru liliniozea. Mpaka leo naikumbuka ile harufu.

Ngalawa77: Dada, ubongo wa paka huchakaa kama wa mzee wa binadamu: husahau mlango, hugeuza usiku mchana. Kuhama kunazidisha. Lakini anayekula sana akakonda huenda ana tezi ya shingoni, na presha humpofusha ghafla. Daktari wa mifugo ampime kwanza. Usiku muwashie taa ndogo, na mchanga wake wa choo usiuhamishe. Panadol usimpe hata chembe, inaua paka.

BintiMkunazini: Mama alishakata nusu kidonge, nimekitupa sasa hivi. Kijana wa Ijumaa sijamjibu. Nauli ya kwa daktari ninayo, ya vipimo bado. Yuko tena kwenye bawaba, nimemwachia mlango wote wazi.